Maji Yasiyonuka Dawa

Yaya, dada yangu mkubwa,

Tangu tukuzike sijakuandikia hata neno moja. Unanijua, sisemi jambo kabla sijaligeuza juu na chini. Kwenye matanga yako kila mtu alijua kilichokuua. Mama mchungaji alijua, wauza mkaa walijua, hata watu ambao hawakuwahi kukanyaga kwako walijua. Mimi nilikaa karibu na mlango nikiangalia nani anasema nini, na macho yake yako wapi. Sasa ninajua mengi kuliko siku ile. Si yote. Lakini haya ninayoyajua ni haki yako kuyasikia, na afadhali uyasikie kwangu mimi mdogo wako.

Kwanza watoto, maana hao ndio ungeniuliza. Neema ameota yale meno mawili ya mbele, sasa anacheka bila kuziba mdomo. Espoir bado anakuita akijikwaa. Anasema "Mama!" halafu anakumbuka, ananiangalia mimi.

Unaukumbuka ule msimu wa jua pampu kubwa ilipoharibika. Robine ya kijiji chetu, bomba letu la maji, ikawa inatoa upepo tu, tukisikia inakoroma kama mzee mwenye pumu. Tukaambiwa tusihangaike, kuna tajiri mmoja wa Mbarara amepewa kazi ya kutuletea maji kwa kamyo, lori la maji. Maji safi, walisema, yaliyosafishwa na kutiwa dawa kwenye mitambo, na yatamwagwa kwenye lile tanki jeusi juu ya robine. Na tanboi wa kamyo hiyo, wa kushika mpira na kufungua koki, akawa mume wako.

Ulifurahi wewe! Mtu aliyekuwa akichokora shamba la mawe, leo yuko juu ya kamyo, anakupungia mkono mbele ya majirani. Jioni akishuka anakuletea bidoni, dumu la maji, imejaa, usipange foleni na wengine. Wanawake walikuonea wivu, na wewe ulijua, ukawa unapita nayo katikati ya njia.

Siku ya kwanza ulinipa kikombe. "Onja, mudogo wangu. Hii maji iko tamu, hainuke dawa hata kidogo."

Nikanusa. Kweli hayakunuka. Ndipo nikakurudishia kikombe. Maji ya robine yalinuka dawa tangu tufike hapa kambini Nakivale. Maji ya kliniki ya Base Camp yananuka dawa. Haya nayo tunaambiwa yametiwa dawa, mbona yananuka kama kisima cha shambani? Ulicheka mpaka ukajishika ubavu. "Weye uko polisi bila kofia," ukasema. "Hata Yesu akikuletea ile divai ya Kana, utauliza zabibu zilitoka fasi gani."

Nikaendelea kwenda kwenye pompe ya mkono ng'ambo ya kilima, na foleni yake ya kuchosha mgongo. Wengine walifurahi kama wewe. Walikuwa wamesikia kwamba dawa ya maji inafunga kizazi cha wakimbizi, basi maji yasiyonuka yakawa ndiyo maji ya kuaminika. Mimi mtu akinipa sababu nzuri sana ya kunywa kitu, ninaziba mdomo.

Halafu siku moja nilikukuta unachuja maji ya bidoni kwa kitambaa cheupe. Kwenye kitambaa kulikuwa kumebaki majani madogo, mabichi, yanateleza. Nikakuuliza ni nini. Ukakikunja kitambaa haraka, ukasema ni vumbi la njiani.

Vumbi la kijani, Yaya?

Niliona ulivyogeuza uso.

Sasa nikuambie yale ambayo hukuyaona. Uliugua wiki chache baada ya ugomvi wako na Mama Goreti, yule Murundi jirani yetu. Siku hiyo maji ya mumeo hayakutosha, mkavutana juu ya bidoni gani iko mbele kwenye foleni ya tanki, maneno makali yakatoka, mkanuniana. Kisha yeye mwenyewe akaja na sahani ya ndagala, wale dagaa wadogo, zilizokaangwa kwa nyanya, akasema jirani hanuniwi. Ukala. Ulinibakizia na mimi, nikasema nimeshiba. Ndiyo, nilikuwa nimeshiba kweli, lakini pia nilikuwa namwangalia Mama Goreti anavyokuangalia ukila. Alikuwa anaangalia kama mtu anayetaka kujua amesamehewa. Basi. Mimi ninayeshuku kila kitu, pale sikuona kitu.

Homa ilipokushika tulisema ni malaria, ukameza kinini. Homa ikapanda, ikakaa. Tumbo likaanza kuuma, halafu likawa gumu kama ubao, ndipo ambulansi ikakubeba mpaka Mbarara. Nilikaa nawe njia nzima nikikushikilia kichwa kwenye mashimo ya barabara. Shemeji alikaa miguuni mwako.

Kule hospitali walikupasua. Yule nesi Munyankore, mrefu, mwenye sauti ya upole, alitutoa nje akatuambia kwa Kiswahili chake, "Huyu mutu ana taifodi. Imetoboa matumbo. Sasa mimi nauliza, nyumbani munakunywa maji gani? Munachemsha?"

Nikasema mimi nachota kwenye pompe ya mkono. Nikamgeukia shemeji ajibu kwa upande wenu. Shemeji akaangalia viatu vyake. Nesi akasubiri. Mwishoni akasema, "Maji ya kamyo, daktari. Maji safi." Alimwita nesi daktari. Na lile neno "safi" lilitoka kwa shida, kama mfupa wa samaki uliokwama kooni. Niliuweka moyoni mfupa ule.

Ulitutoka asubuhi. Mama mmoja Mwislamu wa Nyamitanga, aliyekuwa anamuuguza mama yake kwenye kitanda cha pili, ndiye aliyevua leso yake mpya akakufunika. Sikupata jina lake.

Kwenye matanga shemeji alisimama mbele ya watu wote akasema umetiliwa karuho. Watu walikuwa wanalingoja neno hilo. Unajua sisi wa Kivu na karuho, hakuna anayekufa kwa tumbo akaachwa afe hivi hivi, lazima kuwe na mkono uliotia sumu kwenye chakula. Nikasema nesi alitaja taifodi. Shemeji akanikata, "Banganga ya hapa habajue karuho! Mashini yao haioni." Akaleta ile sahani ya Mama Goreti, ambayo ulikuwa hujairudisha, akaivunja juu ya jiwe. Wanawake wakapiga yowe. Tangu siku hiyo Mama Goreti hakuuziwa chumvi, na paa lake la turubai la shitingi likatobolewa kwa mawe mchana kweupe. Goreti mwenyewe, binti yake, aliacha shule.

Mimi niliangalia mkono wa shemeji akiivunja ile sahani. Ulitetemeka. Nikajiambia ni uchungu. Halafu nikajiambia, ngoja kwanza.

Nilihamia kwako kuwatunza watoto. Siku si nyingi Neema akapata homa. Nikambeba mpaka kliniki ya Base Camp, wakampa dawa, akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini nyumba nne za jirani na tanki zilikuwa na wagonjwa wa tumbo, na hakuna hata moja iliyokula ndagala za Mama Goreti.

Asubuhi moja nikaamka nikasikia mtu anapuliza moto jikoni. Nikachungulia. Alikuwa shemeji. Yaya, mwanamume yule! Miaka yote ya ndoa yenu hakuwahi hata kupasha bugali. Leo amechuchumaa mbele ya mbabula ya mkaa, macho mekundu kwa moshi, anachemsha sufuria la maji ya watoto. Siku ya pili tena. Siku ya tatu nikasimama mlangoni.

"Shemeji, kama ni karuho ya Mama Goreti iliyomuua Yaya, moto wa nini?"

Hakugeuka. "Banasema maji ya kuchemsha iko muzuri kwa batoto."

"Nani anasema?"

"Bantu."

"Bantu gani?"

Maji yakachemka yakafurika, yakamwagikia mkaa, jiko likajaa mvuke. Hakuondoa kifuniko. Alikaa chini pale pale kwenye majivu akaanza kulia kwa sauti ambayo hata kaburini kwako hakuitoa.

Akaniambia. Kamyo haikwenda kwenye mitambo. Ilikwenda siku za mwanzo tu, kisha shofere akasema kule ni mbali, foleni ni ndefu, mafuta yanaisha, na maji ni maji. Wakaanza kujazia ziwani. Yeye tanboi akaambiwa akiulizwa aseme yametoka mitamboni, la sivyo wako vijana wengi wanaotaka kazi hiyo. "Nilifikiri haina shida," akasema. "Kwetu Fizi si tulikunywa maji ya ziwa tangu utoto? Tulikufa? Nilimuletea juu ya mapenzi, asisimame kwa foleni." Alipomsikia yule nesi akiuliza, ndipo akaelewa. Na alipoelewa, akatafuta mtu mwingine wa kubeba lawama.

Nikamkumbusha kwamba kesho yake kuna mkutano wa kumfukuza Mama Goreti kijijini, na yeye ndiye mlalamikaji. "Utasema wewe, ama nitasema mimi."

"Nikisema, batoto batakula nini? Na bantu bataniua."

"Na usiposema, batoto batakunywa nini?"

Sikumwamini kwamba atasema, na tena sikuamini hata hayo aliyoniambia. Mtu aliyeweza kusema karuho mbele ya jeneza anaweza kusema ziwa mbele ya mbabula. Nikafunga kitenge, nikashuka mwenyewe mpaka ziwani.

Kamyo ilikuwepo, ile ile yenye mlango wa kushoto uliobonyea. Mpira wake umelala kwenye maji ya kijani, injini inanguruma inavuta. Upande huu ng'ombe wa pembe ndefu wamesimama majini mpaka tumboni, wanakunywa na kunya. Upande ule wanawake wanafua nepi. Lile jani dogo la kuteleza lilijaa ukingo mzima. Shofere alikuwa ameegemea gurudumu, anatafuna muwa.

"Nyabo, unatafuta nini hapa?"

"Nimekuja kuoga," nikasema.

"Huku hakuna kuoga, hii ni fasi ya kazi," akasema, na akanifuata kwa macho mpaka nilipopotea kwenye migomba. Niliogopa, Yaya. Njia nzima nilisikia nyayo nyuma yangu, na kila nikigeuka hakuna mtu.

Mkutano ulijaa. Mwenyekiti wa kijiji alikaa kwenye kiti, pembeni yake polisi kutoka Base Camp. Mama Goreti alikaa chini, peke yake, watu wamemwachia uwazi kama mtu mwenye ukoma. Mwenyekiti akamwita shemeji atoe mashtaka yake. Nilijisogeza mbele, tayari kusimama akianza uongo.

Alisimama akakohoa. Akasema, "Huyu mama haiko na makosa. Muke wangu alikufa juu ya maji. Ni mimi nilimuletea."

Kelele zikalipuka. Polisi akapiga meza. "Wewe bwana, jana umesema sumu, leo unasema maji. Tushike gani? Nyinyi watu muko na maneno mingi sana. Hiyo maji iko sawa, wakubwa wameipitisha."

Hapo nikasimama mimi. Nikamwambia, "Afande, kama iko sawa, twende sasa hivi kwa tanki. Fungua robine, ukinge kikombe, ukunywe mbele yetu. Ukimaliza, mimi nitaomba radhi."

Watu wakageuka kumwangalia. Afande akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akaangalia saa yake. Hakuna aliyeinuka. Mama mmoja wa zile nyumba za jirani na tanki, mwenye mtoto mgonjwa, akaanza kulia, na kilio kile ndicho kilichofunga mkutano. Hakuna aliyetaja tena kumfukuza mtu.

Yaliyofuata yalikwenda polepole. Shemeji alipoteza kazi siku hiyo hiyo, na wapo waliomrushia mawe yale yale. Watu wa afya walikuja na chupa zao ndogo, wakachota kwenye tanki, wakapeleka Mbarara. Majibu yalipokuja walisema tu kwamba maji hayafai, tanki lisuguliwe. Nani alipitisha maji yale, hawakusema. Yule tajiri hatukumwona hata siku moja. Kamyo ikatoweka pamoja na shofere. Lakini mwaka huu, nilipokwenda Mbarara, nilipishana na kamyo ya maji karibu na daraja la Rwizi. Rangi mpya, ya buluu. Mlango wa kushoto umebonyea mahali pale pale. Niliifuata kwa macho mpaka ikakata kona. Sina ushahidi, najua. Lakini macho yangu hayajaanza kuzeeka.

Pampu ilitengenezwa. Maji ya robine yananuka dawa tena, na watu wananung'unika. Mimi yakinuka ninafurahi. Yasiponuka ninakwenda kumgongea mtunza robine kabla hajanawa uso. Wamenichagua kwenye kamati ya maji, unaweza kuamini? Mwenyekiti alisema, "Mupeni huyu, hata mama yake mzazi hamuamini." Watu wakacheka. Na maji ninayachemsha hata hivyo. Dawa wanatia wanadamu, na wanadamu husahau.

Mama Goreti hakubaki. Alisema hawezi kulala katikati ya watu waliomwona mchawi, hata kama leo wanamwita dada. Akahamia kambi ya Oruchinga kwa nduguye. Mwezi uliopita nilimwambia shemeji twende tukamwone. Alikataa mara nyingi. Mwishoni akavaa shati lake la kanisani, tukaenda.

Alitupokea bila kucheka. Goreti alikuwa uani anapepeta mahindi, akatusalimu kwa mbali. Shemeji akapiga magoti kwenye udongo, mwanamume mzima, akasema, "Mama, unisamehe. Nilikutwika kifo kisichokuwa chako." Mama Goreti aliingia ndani, akatoka na vikombe viwili vya chai, akaviweka mbele yetu, akasimama. Hakukaa. Alisimama tu anatuangalia, mikono kifuani.

Nilielewa anachosubiri. Nadhani hata yeye shemeji alielewa, maana mkono huo ndio aliouita wa karuho. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Hakupuliza, ilikuwa ya moto, machozi yakamtoka. Akanywa mpaka mwisho, akageuza kikombe kumwonyesha. Ndipo Mama Goreti akavuta kigoda, akakaa nasi, akauliza, "Na Neema, anasoma?"

Na mimi nilikunywa yangu, Yaya. Sikunusa. Ungeniona.

Sasa ile sehemu iliyobaki. Shemeji anaapa kwamba kabla ya nesi kuuliza, hakujua maji yale yana ubaya. Huenda ni kweli. Ni baba mzuri, analima mashamba ya watu mpaka giza, hajaleta mwanamke nyumbani. Lakini nakaa ninakumbuka jioni zenu, wewe ukimmiminia bugali, watoto wakigombania mgongo wake, na najaribu kumwona akinywa kutoka bidoni ile. Hata mara moja. Namwona akinywa chai. Namwona akirudi na chupa ya soda. Maji, siwezi kuyakumbuka. Labda ni kumbukumbu yangu tu inanichezea. Na wewe, ulipokunja kile kitambaa, ulikuwa unanificha mimi, ama ulikuwa unamficha yeye? Ulikuwa umeshajua yanatoka wapi, ukanywa ili asiaibike?

Nimekuuliza hapa kaburini mara nyingi, kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. Nitaacha kuuliza. Kuna majibu uliyokwenda nayo, na ni yako.

Nakuaga, Yaya. Pumzika, hakuna anayekusumbua na foleni tena. Sitaolewa mbali na watoto wako wakiwa bado wadogo, hilo nakuahidi. Siku Neema ataniuliza mama yake alikufaje, sitamdanganya. Nitamwambia habari za ziwa, za kamyo, na za baba aliyesimama mbele ya watu akasema ni mimi. Na akiniuliza kama baba yake alijua tangu mwanzo, sitamwambia ndiyo wala hapana. Nitamwambia ninachokijua, nitakomea hapo.

Mdogo wako,
Riziki